Bunduki yangu imekwama mara mbili: ni mbovu, ni chafu, au ni magazini?

*"Nina leseni, na nimenunua bunduki iliyokwisha kutumika, ile aina inayojikoki yenyewe baada ya kila risasi. Naitumia kulenga shabaha na baadaye nataka kuwinda nayo. Siku ya kwanza nilipiga risasi 60, haikusumbua hata mara moja. Rafiki yangu, mzoefu kuliko mimi, akaniambia nisiisafishe, kwamba bunduki nzuri haihitaji kuoshwaoshwa na kuisafisha mno ndiko kunakoiharibu. Akanionyesha na video ya bunduki iliyozikwa kwenye tope, ikachimbuliwa na kupiga. Basi nikaiweka kwenye mfuko wake wa kitambaa wiki tatu. Juzi nikaitoa, nikapiga risasi 40 za aina nyingine, na safari hii nikatumia pia magazini (kile kisanduku kinachobeba risasi) ya pili niliyoinunua kando. Imekwama mara mbili. Mara ya kwanza ganda tupu lilibanwa mlangoni likiwa limesimama wima. Mara ya pili risasi mpya iliinamisha pua na kujikita mbele ya magazini, haikupanda chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Kuna na mara moja ililia 'ka' tu, nikakoki upesi, ile risasi ikaruka nje, nikaendelea. Je, nimeuziwa bunduki mbovu? Nitaipimaje nijue kama naweza kuitegemea? Na huu usafi ni wa lazima kiasi gani?"*

Ndugu yangu, ahsante kwa kueleza kwa kina. Wengi huniandikia "inakwama" na kuishia hapo. Nitajibu yote matatu, lakini kwanza nirudi kwenye sentensi uliyoipita mbio: ililia "ka", ukakoki upesi, ukaendelea. Kule kukwama mara mbili hakukunishtua. Hii imenishtua.

Ukivuta kifyatulio na mlio usitoke, moja kati ya mambo matatu limetokea. Fataki, kile kidude kitakoni mwa risasi kinachoiwasha baruti, imegongwa ikagoma kabisa, na hilo ndilo la kawaida. Au fataki imeshika lakini baruti inachelewa kuwaka, na risasi italia baada ya sehemu ya sekunde, pengine zaidi. Ukiitoa chemba katika muda huo, ganda halina tena kuta za chuma za kulizuia, litapasuka karibu na mkono au uso wako. Au fataki imelia peke yake bila baruti ya kutosha nyuma yake, ikakisukuma kichwa cha risasi kikaingia ndani ya mtutu na kubaki humo. Hapo utasikia "puh" ya kizibo badala ya mlio, na bega halipati teke lake la kawaida. Risasi ya pili ikikikuta kile kichwa njiani, mtutu huvimba au hupasuka.

Kwa hiyo ukisikia "ka", usiguse kitu. Mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 bila haraka, ndipo utoe magazini na kufungua bolti (chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma), uso ukiwa mbali na mlango wa maganda. Ukisikia "puh", kazi imesimama. Bunduki iwe tupu, bolti iwe wazi, na mtutu uchunguliwe kutoka upande wa chemba mpaka mwanga uonekane toka mwanzo hadi mwisho. Ukiona giza, usijaribu kukisukuma kichwa hicho kwa risasi nyingine wala kukigonga kwa chuma ulichokiokota. Mpelekee fundi wa silaha.

Kuna hasara nyingine pale ulipokoki upesi: ulitupa ushahidi. Ile risasi iliyogoma ingetuambia mengi. Ukikuta fataki yake ina shimo refu la kugongwa, kosa ni la risasi. Ukikuta alama hafifu, kama ya ukucha, kosa ni la bunduki: pini inayoigonga fataki imechelewa kwa uchafu, springi imechoka, au bolti haikufunga mpaka mwisho. Siku nyingine ukishasubiri, iangalie vizuri, kisha mkabidhi msimamizi wa uwanja. Usiitie mfukoni wala usiirudishe kwenye magazini kuijaribu tena.

Sasa tuje kwenye kuuziwa bunduki mbovu. Inawezekana, lakini kwa uliyonieleza hakuna mtu anayeweza kusema, hata mimi. Kati ya siku ya kwanza na ya pili ulibadilisha risasi, ukaongeza magazini, ukaacha masizi ndani, ukailaza wiki tatu ndani ya kitambaa. Mabadiliko manne kwa mpigo. Kila moja peke yake linatosha kuikwamisha bunduki nzima isiyo na dosari.

Na ile siku ya kwanza ilikupa imani isiyokuwa na mizizi. Sikulaumu, maana risasi 60 mfululizo zinaonekana nyingi. Lakini tupige hesabu. Chukua bunduki iliyo mbovu waziwazi, inayokwama kwa wastani mara 2 katika kila risasi 100. Hiyo ina nafasi karibu 3 kati ya 10 ya kupita risasi 60 bila kukwama. Ikiwa inakwama mara 1 kwa 100, nafasi yake ya kukupendeza siku ya kwanza inazidi nusu. Wanahesabu wana kanuni fupi ambayo kila mwenye bunduki angeikariri: ukipiga risasi kadhaa bila kukwama hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya risasi hizo. Jibu ndilo kiwango cha ubovu ambacho bado kinaweza kuwa kimejificha, kwa uhakika wa asilimia 95. Risasi 60 bila tatizo zinakuachia hadi asilimia 5. Risasi 300 zinashusha hadi 1. Ukitaka 0.3, lazima upige 1,000.

Majeshi hupima kwa maelfu kwa sababu hiyo, na hata wao hushangazwa. Mwaka 2007 Jeshi la Marekani lilizijaribu bunduki za aina nne katika vumbi zito, 10 za kila aina, kila moja ikipiga risasi 6,000. M4, bunduki yao ya kawaida wakati huo, ilikwama mara 882 katika risasi 60,000. Zile nyingine tatu zilikwama kati ya mara 127 na 233. Habari iliyosambaa ni hiyo. Mimi nilivutwa na mambo mawili yaliyosemwa kwa sauti ndogo. Miezi michache kabla yake, M4 hiyo hiyo ilikuwa imepita jaribio la namna hiyo hiyo ikakwama kama mara 300 tu. Na katika zile 882, mara 239 mkosaji alikuwa magazini. Fikiria hilo: bunduki ya aina moja, maabara, wataalamu, makumi ya maelfu ya risasi, na bado matokeo yanatofautiana karibu mara tatu. Sasa ipime ile video ya tope kwa mizani hiyo. Ni bunduki moja, tope moja, na siku moja ambayo mpigapicha aliamua kuirusha.

Nikueleze kinachofanyika ndani, maana ukikielewa hutahitaji kuniuliza mara ya pili. Kila risasi inayolia huipa bunduki yako posho ya nguvu. Sehemu ndogo ya gesi inayokisukuma kichwa cha risasi huchepuka kupitia tundu dogo kwenye mtutu na kurudi nyuma kuusukuma mtambo wa bolti. Kwa posho hiyo hiyo bolti ijizungushe na kujifungua, ndoano yake ivute ganda kutoka chemba, ganda lirushwe nje, nyundo isimikwe, springi kubwa ikandamizwe. Kisha springi inairudisha bolti mbele, inachota risasi juu ya magazini, inaiingiza na kujifunga. Yote hayo yanakwisha katika yapata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Posho haiongezeki. Kinachobadilika ni makato. Masizi yaliyokauka kwenye reli za bolti yanakata kidogo. Mafuta yaliyoganda yakawa kama gundi yanakata. Chemba yenye kutu inayong'ang'ania ganda inakata sana. Risasi dhaifu inaleta posho pungufu tangu mwanzo. Bunduki iliyo safi na yenye mafuta hubaki na akiba, ndiyo maana husamehe kosa moja. Yenye makato matatu haina akiba tena, na siku unayoongeza la nne inasimama. Mtu husema "imekwama ghafla", kumbe ilikuwa ikipungukiwa kwa wiki.

Kwa jicho hilo, lile ganda lililosimama mlangoni linasema bolti ilirudi nyuma bila nguvu ya kutosha, au kile kitupio kinachorusha ganda ni dhaifu, au ndoano haikulishika vizuri. Uchafu na risasi dhaifu ndio washukiwa wa kwanza. Risasi iliyoinamisha pua ni hadithi nyingine kabisa. Hapo mimi huitazama magazini kabla ya kitu chochote: springi yake haisukumi juu kwa wakati, au midomo inayoishika risasi imepinda. Umesema magazini ya pili uliinunua kando. Hukuniambia risasi hiyo iliinama ikitoka magazini ipi, na nadhani hukumbuki.

Hili la magazini nililijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo kwenye ghala la silaha niliifungua bunduki moja mara nne ndani ya mwezi mmoja. Nikabadilisha ndoano, nikabadilisha springi, nikaandika kwenye daftari kwamba iondolewe kazini. Mzee mmoja fundi akachukua rangi nyeupe, akaziandika nambari magazini zote za ghala, akaenda zake bila kusema neno. Baada ya wiki moja ikajulikana kwamba kila iliyokwama ilikuwa na nambari 7, na kwamba bunduki tatu nyingine zilikuwa zikikwama kwa hiyo hiyo nambari 7, ila hakuna aliyejumlisha.

Rafiki yako sasa. Ana ukweli nusu, na huo nusu nitampa. Lakini "bunduki nzuri haihitaji kusafishwa" ni kauli yenye makaburi. Katikati ya miaka ya 1960 askari wa Marekani walipewa bunduki mpya ya M16 kule Vietnam, na wengi wao walikabidhiwa bila vifaa vya kusafishia, baadhi wakiambiwa bunduki hiyo inajisafisha yenyewe. Wakati huo huo aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa bila bunduki kurekebishwa ipasavyo. Baruti mpya iliuendesha mtambo kwa kasi zaidi na kuacha masizi mengi. Chemba haikuwa na kromi, ule utando mgumu wa madini unaozuia kutu, nayo ikaanza kuliwa na kutu kwenye unyevu.

Ganda la risasi, unajua, hutanuka linapolia, likaganda kwenye kuta za chemba na kuziba gesi isirudi nyuma, kisha husinyaa tena na kuachia. Kwenye chemba yenye vishimo vya kutu ganda hutanuka likaingia ndani ya vile vishimo, na halitoki. Askari walikutwa wakijaribu kuyatoa maganda kwa kuchomeka fimbo mdomoni mwa mtutu, katikati ya mapigano. Kamati ndogo ya Bunge lao ililichunguza jambo hilo mwaka 1967. Dawa haikuwa bunduki mpya. Ilikuwa chemba ya kromi, marekebisho ya mtambo, vifaa vya kusafishia na mafunzo ya kuvitumia, na bunduki za ukoo huo ziko kazini mpaka leo.

Najua atakutajia AK, ile bunduki ya Kirusi. Kila mtu huitaja. Ni kweli inavumilia uchafu kuliko nyingi, na sababu zake si miujiza: mtambo wake ni mzito na unapewa posho kubwa, sehemu zake zina nafasi kati yake, ganda lake limechongoka kidogo kuelekea mbele hivyo likisogea tu linaachia kuta, na mtutu wake una kromi ndani. Lakini muulize swali moja rahisi: kwa nini AK ya kawaida hubeba fimbo ya kusafishia chini ya mtutu, na kopo la vifaa vya usafi ndani ya kitako? Waliotengeneza bunduki hiyo hawakuwa na mazoea ya kubeba chuma cha pambo.

Ule ukweli nusu wake ni huu: bunduki nyingi za watu binafsi huharibiwa na fimbo kuliko risasi. Mtu ananunua fimbo ya vipande vya kuungana, anaiingiza kutoka mdomoni, inapindapinda na kusugua ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ndio wa mwisho kuigusa risasi inapotoka, ukiliwa upande mmoja shabaha inahama. Wengine wanarudisha brashi nyuma ikiwa katikati ya mtutu, wengine wanamwaga mafuta mpaka yanatiririka kwenye kifyatulio. Halafu wanasugua mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe kama sanda, na bolti hawaigusi.

Hapo ndipo ningependa ubadilishe mawazo kabisa. Usafi wa ndani ya mtutu ni habari ya shabaha na kutu. Usafi wa bolti, ndoano, chemba na njia ya gesi ndio habari ya kukwama. Ukiwa na robo saa tu, iache mifuo ya mtutu (ile mistari ya ndani inayoizungusha risasi) na uitumie yote kwenye bolti.

Uifanye hivi. Risasi zote ziwe chumba kingine. Toa magazini kwanza, ndipo ufungue bolti. Ukigeuza utaratibu huo utatoa risasi moja na kuingiza nyingine kwa mkono wako mwenyewe. Tazama chemba, kisha iguse kwa kidole kidogo, maana macho huona yanachotarajia. Fungua bunduki kwa kadiri kijitabu chake kinavyoruhusu, usivuke hapo. Chini ya ukucha wa ndoano utakuta vumbi la shaba na masizi yaliyoshindiliwa. Kijiti cha kuchokolea meno kinatosha kuvitoa. Uso wa bolti, pale ganda linapokaa, ufutwe mpaka uone chuma. Chemba ina brashi yake, pana kuliko ya mtutu, na watu wengi hawajawahi kuinunua. Mtutu uusafishe kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, kwa fimbo ya kipande kimoja, brashi ipite yote ndipo irudi. Njia ya pini ibaki kavu, bila grisi: mafuta mazito humo ndiyo hupunguza kishindo cha pini, hasa kwenye baridi, ukapata lile "ka" lako.

Mafuta wapi? Chuma chenyewe hukuonyesha. Tafuta mahali palipong'aa kwa kusuguana, weka hapo utando unaoonekana, basi. Wengi huogopa kwamba mafuta hunasa vumbi, na ni kweli hunasa, lakini masizi laini yenye mafuta huteleza pale ambapo masizi makavu husaga. Katika majaribio yale ya vumbi ya M4, zilizopakwa mafuta kwa ukarimu zilifanya vizuri kuliko zilizopakwa kwa ubahili. Chemba na mtutu ni kinyume: kabla ya kupiga vifutwe vikauke. Ganda linatakiwa kuzishika kuta kidogo linapolia, na shinikizo humo hupita mara 3,000 ya lile la hewa tunayovuta. Ukipaka mafuta chemba, mzigo ambao kuta zingeupunguza unarudi wote kwenye bolti. Na zile dawa za kupuliza za kufukuzia maji na kulegeza nati zilizoganda, mafundi wengi wa mitaani wanazipenda. Zinafaa kufukuza maji siku ya mvua, lakini si ulainisho wa kudumu.

Mfuko wa kitambaa ni wa safari. Nyumbani hunyonya unyevu na kuukumbatisha kwenye chuma usiku na mchana, na wa ngozi ni mbaya zaidi kwa sababu ya dawa zilizoilainishia ngozi. Kabati la chuma lenye kufuli, pakiti za kunyonya unyevu, utando mwembamba wa mafuta nje, na kuitazama mara moja kwa mwezi vinatosha. Kama risasi zako ni za akiba ya kijeshi ya zamani, jihadhari. Fataki nyingi za zama hizo huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, siku hiyo hiyo, kisha ukaushe kabisa na upake mafuta.

Nikumbushe pia mikono: masizi ya risasi yana madini ya plumbi (lead), sumu isiyo na harufu. Usisafishie bunduki kwenye meza ya chakula, na unawe kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa mdomo.

Kupima sasa. Kwa kuwa uliinunua mkononi mwa mtu, na kwa kuwa hujui aliyekutangulia aliifanyia nini, usipige risasi nyingine kabla ya fundi wa silaha kuitazama mara moja. Ana vipimo vya chuma vya kuangalia nafasi kati ya uso wa bolti iliyofungwa na mahali risasi inapoegemea ndani ya chemba. Nafasi hiyo ikizidi, ganda hunyooka na huweza kukatika. Jicho haliwezi kuiona, na risasi 60 zilizopita salama hazithibitishi chochote juu yake.

Ikitoka kwa fundi, isafishe na kuipaka mafuta kama nilivyosema, ziandike magazini zako nambari kwa rangi, kisha urudi kwenye risasi za siku ya kwanza na magazini iliyokuja na bunduki. Piga 100. Daftari liwe mezani: namba ya risasi, magazini, na kilichotokea. Ikikwama, kabla ya kuikokoa, mtutu ukiwa salama na kidole nje ya kifyatulio, itazame sekunde chache. Ganda liko wapi? Risasi mpya iko wapi? Bolti imesimamia wapi? Piga picha kama una mtu wa kukusaidia. Halafu mia ya pili, risasi zile zile, magazini ya pili. Kitu kimoja kwa wakati. Ukimaliza ndipo ulete zile risasi za aina nyingine, na usishangae zikigoma. Kuna bunduki hazipendani na risasi fulani, na hilo si kosa la kurudishia mtu pesa, ni habari ya kuiandika.

Ukitaka kujua isafishwe kila baada ya ngapi, bunduki yenyewe itakujibu. Kwenye mizunguko ya baadaye, ifute na kuiongezea mafuta tu bila kuisafisha kwa kina, ukihesabu. Ikianza kuzembea, mathalani maganda yanaangukia karibu na mguu badala ya kuruka mbali kama kawaida, umeupata mpaka wake. Jiwekee nusu ya idadi hiyo. Kwa bunduki ya kuwindia, mimi ningeondoa kabisa hesabu hizi: isafishe kila ikirudi, kisha kabla ya safari nyingine ipige risasi chache uwanjani, maana mtutu uliotoka kusafishwa mara nyingi hupeleka risasi ya kwanza mahali tofauti. Na bunduki iliyofunguliwa na kuunganishwa upya haijathibitishwa mpaka ipige.

Yapo mambo ambayo hayasubiri daftari. Ukiona ganda limepasuka au limevimba karibu na kitako chake, fataki iliyotobolewa au iliyotoka mahali pake, gesi ikikupiga usoni, bunduki ikilia mara mbili kwa mvuto mmoja, au ikilia ulipoifunga bolti au kuondoa usalama bila kuvuta kifyatulio, itoe risasi na uifunge. Hiyo ni kazi ya fundi ana kwa ana. Vilevile vishimo vya kutu ndani ya chemba, au pete unayoiona ndani ya mtutu kama kivuli cha duara. Na tafadhali usichukue tupa. Nimepokea bunduki nyingi mno ambazo mwenyewe "alilainisha kidogo" kifyatulio chake kwa kufuata video, zikawa zinalia zikigongwa mezani.

Kuhusu aliyekuuzia, usimpigie simu bado. Matokeo ya fundi ndiyo yatakayokupa la kumwambia. Vipimo vikiwa sawa na mia ya kwanza ikapita, dai dhidi yake sioni. Mia ya kwanza ikikwama kwa magazini yake na risasi zile zile, ikiwa safi, hapo una dai, na una daftari la kulionyesha. Kama ni ile magazini ya pili ndiyo inayoinamisha pua za risasi, usihangaike kuipinda midomo kwa koleo. Iandike X kubwa ili isirudi kwenye begi kwa bahati mbaya, na uitupe.